Macho ya mtoto mwenye ualbino: tatizo haliishii kwenye mwanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijadili makala iliyochapishwa hivi karibuni kuhusu macho ya watoto wenye ualbino katika mikoa yetu ya Kilimanjaro na Arusha. Mwandishi alieleza, kwa nia njema kabisa, kwamba watoto hawa hawaoni vizuri kwa sababu mwanga huingia machoni mwao kupita kiasi, akahitimisha kwamba mtoto akipewa miwani ya giza na kofia pana ataona ubaoni kama wenzake. Maelezo ya mwanga ni sahihi, na kofia ni jambo la lazima. Hitimisho lake ndilo linalonipa shida, kwa sababu mwalimu akilisoma ataamini kwamba mtoto aliyekuja na miwani amekwisha kusaidiwa, na huyo mtoto akishindwa kunakili kilichoandikwa ubaoni ataambiwa ni mvivu. Nafundisha baiolojia hapa Moshi, na nimeyasikia maneno hayo yakisemwa na watu wazima wenye elimu yao.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikwisha kujengwa kabla mtoto hajazaliwa, tangu nyuzi za neva zilipokuwa zikitoka jichoni kwenda kutafuta ubongo. Njia za nyuzi hizo huamuliwa na vipokezi, yaani protini zilizochomoza kwenye utando wa seli na ambazo kazi yake ni kutambua kitu kilichoko nje ya seli na kupeleka habari ndani. Jambo hili halijazoeleka magazetini, kwa hiyo nitaomba uvumilivu wa wasomaji nilieleze kwa kirefu kidogo, maana bila kulielewa hatuwezi kujua miwani inasaidia wapi na inakomea wapi.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Kwenye retina, yaani tabaka la ndani nyuma ya jicho linalopokea picha, kila jicho la binadamu lina seli za neva ziitwazo ganglioni zipatazo milioni moja, na kila moja hutoa uzi mmoja mrefu. Nyuzi hizo hukusanyika nyuma ya jicho zikawa neva moja, hutoka nje, hupita chini ya ubongo, kisha nyingi huishia katika talamasi, ambako habari hupokelewa na kupelekwa kisogoni penye sehemu ya ubongo inayoshughulika na kuona. Haitoshi kwa uzi kufika tu. Lazima nyuzi mbili zilizotoka kwa seli jirani kwenye retina zifike mahali jirani kwenye ubongo, vinginevyo picha itasambaratika. Na hakuna wa kuzishika mkono: ubongo hauzivuti, na jicho halijui ubongo uko upande gani.

Mwaka 1890 Mhispania Santiago Ramón y Cajal, akichunguza vijusi vya kuku kwa hadubini, alieleza kwamba kila uzi wa neva unaokua una uvimbe mdogo kwenye ncha yake, na akauita koni ya ukuaji. Alichokuwa akikitazama ni tishu iliyokufa na kutiwa rangi, lakini alikisia kwa usahihi wa kustaajabisha kwamba koni ile, seli ikiwa hai, husogea na kupapasa njia. Leo tunajua kwamba hutoa vijinyuzi vyembamba pande zote, hivyo vijinyuzi vikajaribu hapa na pale, vingine vikashika na vingine vikarudishwa, na upande ambao vijinyuzi vyake vimeshika ndio uzi unakoelekea. Swali likabaki: vinashika nini, na vinarudishwa na nini?

Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani Roger Sperry alilikabili swali hilo kwa njia ambayo sidhani ingeruhusiwa kirahisi siku hizi. Vyura na salamanda wa majini, tofauti na sisi, neva ya jicho ikikatwa huota upya na mnyama akaona tena. Sperry aliikata neva, akaligeuza jicho digrii 180 ndani ya tundu lake, kisha akasubiri. Neva ilipoota, mnyama alianza kuona, lakini kila kitu kilikuwa kinyume: mdudu akiletwa juu yake alirukia chini, akiletwa mbele aligeukia nyuma. Haikusaidia kitu kumpa muda wala mazoezi, kwani aliendelea hivyohivyo. Maana yake ni kwamba kila uzi ulirudi mahali pale pale ulipokuwa umeshika mwanzoni, hata kama kufanya hivyo kulikuwa hasara kwa mnyama. Mwaka 1963 Sperry aliweka nadharia yake wazi: nyuzi hubeba alama za kemikali, na mahali pa kufikia pana alama zinazolingana nazo, na alama hizo hupungua au kuongezeka polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Baadaye, mwaka 1981, alipewa Tuzo ya Nobel, ingawa ilikuwa kwa kazi nyingine kuhusu nusu mbili za ubongo.

Alama zenyewe hazikupatikana upesi. Katika miaka ya 1980 Friedrich Bonhoeffer na wenzake huko Tübingen, Ujerumani, walibuni jaribio ambalo hadi leo nikilieleza darasani wanafunzi hunyamaza. Walichukua utando wa seli kutoka sehemu ya mbele ya tektamu, ambalo ndilo eneo la ubongo wa kuku linalopokea nyuzi za jicho, na utando mwingine kutoka sehemu ya nyuma, wakautandaza kwa mistari myembamba inayopishana, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kisha wakaweka kipande cha retina kwenye ukingo na kuziacha nyuzi zikue. Nyuzi zilizotoka upande wa retina ulio karibu na sikio, ambazo kwa kawaida huishia mbele ya tektamu, zilikua juu ya mistari ya mbele peke yake, zikiikwepa ya nyuma kwa unyoofu wa rula. Kila mtu angedhani zinavutwa na mistari ya mbele. Kumbe sivyo. Watafiti walipoipasha moto mistari ya nyuma kiasi cha kuharibu protini zake, nyuzi ziliacha kuchagua na kukua popote. Kwa hiyo hazikuwa zinavutwa. Zilikuwa zinafukuzwa na kitu kilichokuwa upande wa nyuma.

Kitu hicho kilipatikana mwaka 1995, pale kundi la Bonhoeffer na kundi la John Flanagan wa Harvard, kila moja kwa njia yake, yalipotangaza protini mbili ambazo leo huitwa efrini-A5 na efrini-A2. Efrini hubaki zimenasa kwenye utando wa seli iliyozitengeneza, hazielei, ndiyo sababu koni ya ukuaji haiwezi kuzitambua mpaka iziguse. Anayezitambua ni kipokezi cha familia ya Eph. Mamalia wana vipokezi vya Eph 14 na efrini 8, na kila kipokezi cha namna hii kimepenya utando wa seli kikiwa na sehemu ya nje inayoshika efrini na sehemu ya ndani ambayo, kwa karibu vyote, ni kimeng'enya. Kikishika efrini, kimeng'enya kile huamka, hupachika fosfati kwenye protini za jirani, na amri hupita mkono kwa mkono mpaka zifikiwe nyuzi za aktini ambazo ndizo kiunzi cha koni. Kiunzi hubomoka upande ule ule ulioguswa, koni hunywea upande huo, na uzi hugeukia pengine. Hapa pana jambo la ajabu ambalo hupenda kuwauliza wanafunzi wangu: iweje molekuli mbili zilizoshikana kwa nguvu ziwe ndiyo ishara ya kuachana? Jibu ni kwamba baada ya kushikana, ama kimeng'enya kingine huikata efrini kwenye mzizi wake, ama seli huumeza mshikamano wote pamoja na kipande cha utando, na ndipo koni inapokuwa huru kurudi nyuma.

Sasa tazama mpangilio. Kwenye retina, vipokezi vya Eph vya kundi A ni vingi upande wa sikio na hupungua kuelekea upande wa pua. Kwenye tektamu, efrini za kundi A ni chache mbele na huongezeka kuelekea nyuma. Uzi wenye vipokezi vingi hauvumilii efrini nyingi, kwa hiyo husimama mapema, huko mbele. Wenye vipokezi vichache huendelea mpaka ndani. Kwa utaratibu huu nyuzi nyingi mno zinaweza kupangwa kwa kutumia molekuli chache tu, bila kila uzi kuhitaji jina lake. Mtu angeweza kufikiri basi kwamba kila kiasi cha vipokezi kina mahali pake palipoandikwa tangu mwanzo. Jaribio lililofanywa kwa panya na kutangazwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo. Watafiti walizipa takriban nusu ya seli za ganglioni, zilizotapakaa kati ya wenzao, kipokezi cha ziada cha EphA3. Matokeo yake ubongo wa panya wale ulikuwa na ramani mbili za jicho moja, moja nyuma ya nyingine: nyuzi zilizoongezewa kipokezi zilijazana nusu ya mbele, na zile ambazo hazikuguswa kabisa zikasukumwa nusu ya nyuma. Ingekuwa kila kiasi kina mahali pake, hizi za pili zisingehama. Zilihama kwa sababu kila uzi hupata nafasi kwa kulinganishwa na jirani zake, si kwa kipimo chake pekee.

Nimerefusha hapa kwa makusudi, Ndugu Mhariri, kwa sababu wasomaji wengi wakisikia jambo ni la jeni hudhani mwili una mchoro kamili unaofuatwa neno kwa neno. Kumbe mchoro ni wa kupatana, na ukibadilisha kundi moja la seli umebadilisha hata zile ambazo hukuzigusa.

Sasa nifike kwenye ualbino. Kabla ya kufika kwenye talamasi, neva za macho mawili hukutana chini ya ubongo mahali ambapo baadhi ya nyuzi huvuka kwenda upande wa pili na baadhi hubaki upande wa jicho zilikotoka. Kwa kuku nyuzi zote huvuka. Kwa panya, nyuzi kama 3 hadi 5 katika kila 100 hazivuki. Kwa binadamu, ambaye macho yake yote yanatazama mbele, zinazovuka ni zaidi kidogo ya nusu, na zilizobaki ni zile za upande wa sikio. Kwa mgawanyo huo, nusu moja ya ubongo hupokea kutoka macho yote mawili habari za upande mmoja wa dunia, huzilinganisha, na tofauti ndogo iliyopo kati ya picha mbili ndiyo hutuwezesha kujua kitu kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Nani huamua uzi upi uvuke? Mwaka 2003 kundi la Carol Mason wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, lilionyesha kwa panya kwamba seli za pembe ya chini ya retina upande wa sikio zina kipokezi cha EphB1, na kwamba pale neva zinapokutana, seli saidizi za mstari wa katikati zina efrini-B2. Uzi wenye EphB1 ukifika hapo hufukuzwa na kurudi upande wake. Usio nacho hupita juu ya efrini ile ile bila kushtuka. Wanaosafiri kutoka Moshi wanapajua Njia Panda ya Himo: kibao ni kimoja, lakini dereva wa Rombo akikiona anaacha barabara kuu, na wa Same akikiona anaendelea, kwa sababu kila mmoja aliondoka stendi na safari yake. Vivyo hivyo uzi huondoka jichoni ukiwa umekwisha kupewa kipokezi, au umenyimwa. Anayetoa ni jeni iitwayo Zic2, ambayo mwaka huo huo ilionyeshwa kuwa huwashwa katika seli ambazo nyuzi zake hazivuki.

Mwanzo wa mambo haya unaweza kuonekana kwa macho. Kila mwaka, kifaranga kikiwa bado kitone cha uhai, mimi hufungua mbele ya darasa yai la kuku lililoatamiwa kwa siku tano, juu ya bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Mishipa ya damu imetanda juu ya kiini, moyo unadunda, kichwa ni kikubwa kuliko sehemu nyingine zote, na jambo la kwanza ambalo wanafunzi hulinyooshea kidole ni jicho, kwa kuwa ni duara kubwa lenye weusi mahali ambapo mwili wote uliobaki unapenya nuru. Weusi ule ni melanini, nayo haiko kwenye retina yenyewe bali kwenye tabaka la rangi lililogusana nayo kwa nyuma. Katika hatua hiyo nyuzi za kwanza zimekwisha kutoka jichoni. Kwa binadamu pia tabaka hilo hupata rangi mapema, ndani ya miezi miwili ya kwanza ya mimba, mama akiwa hata hajaanza kuonekana.

Wengi hudhani rangi ile ni ya kuzuia mwanga tu. Lakini tumboni hakuna mwanga wa kuzuia, na bado rangi inahitajika, kwa sababu tabaka lenye melanini huathiri ratiba ambayo retina ya jirani hufuata katika kuzalisha seli zake. Melanini ikikosekana, ratiba huvurugika. Katika panya weupe wa maabara, ambao hawana melanini, seli zinazowasha Zic2 ni chache kuliko kwa ndugu zao wenye rangi, na kwa hiyo nyuzi zinazogeuka na kurudi upande wake nazo ni chache. Zilizobaki huvuka, ilhali hazikupaswa kuvuka. Mtafiti wa ubongo Ray Guillery aliliona jambo hilo mapema, kwanza katika paka wa Siam, kisha katika chui milia mweupe, na mwaka 1975 yeye pamoja na daktari Okoro wa Nigeria na Witkop wa Marekani walieleza njia za kuonea zilizopotoka katika ubongo wa mtu mwenye ualbino. Nafurahi kuandika kwamba Mwafrika alikuwemo katika kazi hiyo, kwani huku kwetu ualbino umezungumzwa mno kwa lugha ya uchawi na laana wakati ndugu zetu wa Nigeria walikuwa wakiupima kwa hadubini.

Siku hizi si lazima kusubiri mtu afe ndipo njia zake zijulikane. Vinabandikwa vipokea umeme vidogo kisogoni, jicho moja linafunikwa, jingine linaonyeshwa mwanga au picha ya miraba myeusi na myeupe, na umeme wa ubongo unapimwa kulia na kushoto. Kwa mtu mwenye ualbino, kila jicho huamsha zaidi upande wa pili wa ubongo kuliko inavyotarajiwa. Hali hii haimfanyi aone vitu juu chini kama salamanda wa Sperry, maana ubongo wa binadamu hujipanga upya na kuitumia ramani aliyopewa. Kinachodhoofika ni ule ulinganishaji wa macho mawili, na kwa hiyo kujua kina: ngazi ya mwisho, mpira unaokuja, pikipiki inayokata kona.

Haki inanitaka niseme pia kwamba nyuzi zilizopotea njia si chanzo pekee, wala si chanzo kikuu cha kutosoma herufi ndogo. Chanzo kikuu ni fovea, kile kidimbwi kidogo katikati ya retina ambacho seli zake za kuonea zimesongamana kuliko mahali popote pengine, nacho kwa mtu mwenye ualbino hakikomai ipasavyo. Ongeza macho kuchezacheza, ongeza makosa ya umbo la jicho, na utaelewa kwa nini wengi wao husoma kati ya 6/18 na 6/60 hata wakiwa wamevaa miwani iliyopimwa vizuri. Mwenye 6/60 anakiona kwa mita 6 kile ambacho mwingine anakiona kwa mita 60. Miwani ya namba hurekebisha umbo la jicho, nayo lazima apewe. Miwani ya giza hupunguza ukali wa jua. Lakini hakuna kioo kinachoweza kuirudisha fovea hatua iliyoruka, wala kuugeuza uzi uliovuka mwezi wa tatu wa mimba.

Hayo yote yanakaa wapi darasani? Mtoto mwenye ualbino akiinamisha kichwa upande mmoja anapotazama ubao, si madaha wala dharau. Mara nyingi amegundua mwenyewe pembe ambayo macho yake hutulia zaidi, na mwalimu anayemwamuru akae wima anamnyang'anya uwezo wa kuona. Akisogeza daftari mpaka karibu na pua, haharibu macho. Anakuza picha kwa njia pekee aliyonayo, na asizuiwe. Safu ya mbele ni sawa, ila isiwe dirishani jua linakomwangazia usoni, na akitaka kusimama aufuate ubao kwa ukaribu aruhusiwe bila kuomba kila mara. Lenzi ya mkononi, maandishi makubwa, mwalimu kusoma kwa sauti anachoandika, haya hayana gharama ya kutisha. Baraza la Mitihani lenyewe huwaorodhesha watahiniwa wenye uoni hafifu kando na wasioona, na lina karatasi zenye maandishi makubwa. Inakuwaje mtoto akutane na maandishi hayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa? Vilevile kumpeleka mtoto anayeona akajifunze kusoma kwa vidole, kwa kuwa tu shule ya jirani haina subira naye, ni kumpotezea uwezo alionao.

Nisije nikaeleweka kwamba kila kitu kilifungwa tumboni na kwa hiyo tukae tu. Vipokezi huchora njia kuu, ila miunganiko midogo huendelea kunyooshwa kwa matumizi. Hata kabla macho ya wanyama wachanga hayajafunguka, seli za retina hurusha mawimbi ya umeme yanayosaidia kupanga nyuzi mahali zilipofikia, na baada ya kuzaliwa mwanga wenyewe hushika kazi hiyo. David Hubel na Torsten Wiesel, waliogawana na Sperry Nobel ya 1981, walionyesha kwamba mtoto wa paka akifungwa jicho moja katika wiki zake za mwanzo, ubongo huliacha jicho hilo hata likifunguliwa baadaye, ilhali paka mkubwa akifungwa vivyo hivyo hadhuriki. Ndiyo sababu mtoto wa jicho kwa kichanga hutolewa mapema na hausubiri darasa la kwanza, na ndiyo sababu mtoto mwenye ualbino apelekwe kliniki ya macho akiwa angali mchanga ili miwani ya namba ianze kazi wakati ubongo bado unajifunza. Hapa Moshi hatuna udhuru wa umbali, kwa kuwa hospitali ya KCMC ina idara ya macho na pia panatengenezwa mafuta ya kukinga ngozi na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mzazi anayefuata mafuta angeweza siku hiyo hiyo kumpimisha mtoto macho, lakini niliozungumza nao wengi waliambiwa habari za ngozi tu.

Jambo moja dogo lakini linaloniudhi. Katika stendi na minada ya Arusha na Moshi wapo wanaouza chupa za virutubisho wakidai zinaotesha neva za macho, na mteja wao mkubwa ni mama mwenye mtoto wa ualbino au mzee mwenye presha ya macho. Neva ya jicho la binadamu mzima haioti upya ikifa, tofauti na ya salamanda, na maabara kubwa za dunia zinazochunguza jambo hilo hazijapata dawa ya kuuza dukani, sembuse stendi. Kwa uzi uliokwisha kushika upande usio wake, hakuna hata kitu cha kuotesha, kwa sababu uzi upo na ni mzima. Umefika tu kwingine.

Ninaomba basi gazeti lako lirudi kwenye makala ile na kumwalika daktari wa macho aisahihishe sehemu ya miwani, kabla shule hazijafunguliwa na walimu hawajapanga viti. Na sahihisho hilo, ikiwezekana, lichapwe kwa herufi kubwa kuliko za ukurasa huu, maana miongoni mwa wanaolisubiri wapo wanaosoma gazeti lako wakiwa wameligusisha na pua.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Baiolojia,
Majengo, Moshi